Mnyama Mgeni Nyumbani na Haki Yake ya Kuachwa Atulie

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila chenye roho na akakidhamini riziki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika mambo ambayo watu huyachukua kwa wepesi, ilhali mbele ya sharia yana uzito, ni hali ya mnyama anayetolewa mahali alipozoea akatiwa katika nyumba ya bwana mpya. Mtu humnunua, au hupewa na mwenziwe, akamchukua ndani ya sanduku au gunia, akamfungulia mbele ya watoto wake na majirani. Mnyama hujikunyata pembeni, hataki kula, na akiguswa huuma. Hapo bwana huyo hukasirika, akamwona hana shukrani; au humkamata kwa nguvu apate kuonyesha ya kuwa amekwisha kuwa wake. Na akiambiwa amwache siku kadhaa atulie, hujibu ya kwamba huo ni upole wa khiari: mwenye kuufanya ana thawabu, na asiyeufanya hana lawama, maadamu chakula na maji hayakosekani.

Suala ni hilo. Je, utulivu anaopewa mnyama mgeni ni hisani ya bwana wake, atoe akipenda na azuie akipenda? Au ni haki ya mnyama juu ya shingo ya bwana, kama ilivyo haki yake ya majani na maji?

Mfano bora wa kulipimia suala hili si punda wala mbuzi. Punda ana mzigo wake, mbuzi ana maziwa yake, na bwana akiwafanyia subira huenda ikasemwa ya kuwa angojea faida. Mfano ufaao ni mnyama asiyefugwa kwa kazi yoyote, illa kutazamwa na kushikwa. Na katika hao yuko mmoja ambaye watu wengi wa pwani hawajapata kumwona, lakini jamaa zao waliohamia Uingereza, Canada na Marekani humwona katika nyumba za majirani, na watoto wao huwaomba wamfuge. Jina lake ni chinchila.

Chinchila ni mnyama mdogo katika jinsi ya wanyama watafunao. Ukubwa wake ni kama kindi mnene, uzito wake nusu kilo au zaidi kidogo, masikio yake ni mapana ya mviringo, na mkia wake una manyoya. Kwao ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, na khasa nchi ya Chile, katika majabali makavu ambako usiku una baridi kali na mvua ni haba. Hukaa kwa makundi ndani ya nyufa za mawe. Mwenyezi Mungu amemvika manyoya mazito kupita karibu wanyama wote wa nchi kavu: makumi ya nywele hutoka katika kitundu kimoja cha ngozi, pale ambapo kwa mwanadamu hutoka unywele mmoja au nywele chache. Na vazi hilo lililokuwa hifadhi yake ndilo lililomletea msiba. Joho moja la manyoya yake lahitaji ngozi zaidi ya 100, na matajiri wa Ulaya na Marekani waliyataka majoho hayo. Basi katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 wawindaji waliwaua kwa malaki, hata katika mwaka 1910 serikali za Chile, Bolivia, Peru na Argentina zikapatana kuzuia uwindaji huo, na wakati huo waliosalia walikuwa wachache mno. Hata leo wale wa porini wamo katika hesabu ya wanyama wanaokhofiwa kutoweka, ingawa Chile imewatengea hifadhi tangu mwaka 1983, karibu na mji wa Illapel.

Wale wanaofugwa majumbani wana khabari yao nyingine. Katika mwaka 1923 Mmarekani mmoja, Mathias Chapman, mhandisi wa migodi aliyekuwa akifanya kazi Chile, aliwachukua chinchila 11 mpaka California, baada ya kuwatafuta milimani kwa taabu kubwa. Hakuwateremsha kwa siku moja. Aliwashusha kutoka mlimani kidogo kidogo, kituo baada ya kituo, kwa muda wa miezi mingi, wapate kuizoea hewa ya chini. Na katika meli aliwapozea kwa barafu wasife kwa joto. Wengi wa wanaofugwa leo nasaba yao hurejea kwa hao, na kizazi chao ndicho kilichojaza mashamba ya ngozi. Khabari hii yafaa izingatiwe. Wanyama waliokuja kuwa bidhaa walishushwa mlimani kwa miezi, kwa kuwa mwenye kuwashusha alijua ya kuwa haraka ingewaua. Leo mtu asemaye ya kwamba amemtwaa mnyama kwa mapenzi hawezi kumpa hata siku tatu za kimya!

Na haja ya kimya hicho si dhana tupu. Chinchila ni kitoweo cha mbweha na bundi, na silaha yake kubwa ni kukimbia na kujificha. Akinaswa hulegeza manyoya yake, shungi zima likabaki kinywani mwa adui, naye akaponyoka. Kwa hiyo bwana anayemkamata kwa pupa hubakiwa na manyoya mkononi, na mnyama hubakiwa na upara ubavuni ambao huchukua muda mrefu kuota. Hilo laonekana kwa macho. Lisiloonekana ni kubwa zaidi, nalo ni tumbo lake. Mnyama huyu ameumbwa ale majani makavu mara kwa mara, usiku kucha, na tumbo lake halivumilii kukaa tupu. Akiacha kula kwa sababu ya khofu, hata muda wa siku moja, matumbo huanza kusimama, na huenda akafa ilhali chombo chake kimejaa chakula. Basi yule aliyesema ya kwamba chakula na maji yatosha hakuijua hali ya mnyama wake. Khofu yaweza kumzuilia chakula kilicho mbele yake kama vile kufuli imzuiliavyo mtu ghala.

Sasa itazamwe sharia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika kitabu chake cha Minhaj ambacho wanafunzi wa madhehebu ya Shafi'i hukidurusu, ameweka mlango wa matumizi yampasayo mtu kwa wanyama wake. Hukumu yake ni ya kwamba lazima awalishe na kuwanywesha. Akikataa, Kadhi humlazimisha auze, au alishe, au achinje ikiwa ni mnyama wa kuliwa. Na ikiwa si wa kuliwa, auze au alishe. Kisha ametaja mali isiyo na roho, kama mfereji na nyumba, kuwa haimlazimu mwenyewe kuitengeneza. Maneno haya ni machache na maana yake ni pana. Mtu akiiacha nyumba yake ikaporomoka, amepoteza mali yake, lakini nyumba haina dai juu yake, kwa kuwa haina maumivu. Mnyama naye ni mali, huuzwa na kurithiwa. Walakini roho iliyomo ndani yake imemfanya awe mali yenye haki juu ya mwenye mali. Na wenye kuisherehesha hukumu hii hawakukomea kwa ngamia na ng'ombe. Wamewataja viwavi wa hariri, ya kwamba mwenyewe lazima awapatie majani ya mforsadi. Na wamewataja nyuki, ya kwamba waachiwe asali ya kuwatosha ikiwa ndiyo riziki yao. Aliyefikia kwenye kiwavi hawezi kuambiwa ya kuwa amemsahau mnyama mdogo.

Lakini hayo yote ni chakula na kinywaji, na mshindani aweza kusema: "Nimekubali. Nionyesheni sasa ya kuwa khofu nayo imo." Hapa ndipo penye fundo la mas'ala haya, na jawabu limo katika khabari za Mtume (S.A.W.).

Imepokewa na Hakim, kutoka kwa Ibn Abbas, ya kwamba Mtume (S.A.W.) alimpita mtu aliyemlaza kondoo amchinje, naye akinoa kisu ilhali kondoo anamtazama. Akamkemea, akamwuliza kama ataka kumfisha mara mbili, na kwa nini hakunoa kisu chake kabla ya kumlaza. Hebu lizingatiwe hilo. Kondoo yule kuchinjwa kwake ni halali. Hajaguswa na kisu, hajatoka damu, wala hana njaa wala kiu. Alilolipata ni kuona tu na kukhofu tu. Na muda wa khofu yake ulikuwa mchache, kwani atakufa mara moja. Pamoja na hayo yote, khofu ile imehesabiwa kuwa ni kifo kizima, cha peke yake. Ikiwa mnyama aliyebakiwa na dakika chache za uhai ana haki ya kutotishwa, basi anayetarajiwa kuishi katika nyumba ya mtu miaka 10, au hata 20 kama waishivyo baadhi ya chinchila, haki yake ni kubwa zaidi. Na ikiwa khofu imekemewa katika jambo lenye haja, nalo ni chakula cha watu, basi katika jambo la kujifurahisha hairuhusiki kwa njia iliyo wazi zaidi.

Abu Dawud naye amepokea, kutoka kwa Ibn Mas'ud, khabari ya ndege ambaye sahaba waliyachukua makinda yake wakiwa safarini. Mama yao akaja akipapatika juu ya watu. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Makinda hayakuwa yamedhuriwa. Alichokiondoa ni huzuni ya mama.

Na khabari ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na mas'ala haya, nayo vilevile imo kwa Abu Dawud, kutoka kwa Abdallah bin Jaafar. Mtume (S.A.W.) aliingia katika shamba la mtu wa Ansari, akamkuta ngamia, ngamia alipomwona alilia na macho yake yakatiririka machozi. Mtume (S.A.W.) akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akanyamaza. Ndipo alipouliza ni nani mwenye ngamia huyu, na alipojitokeza kijana wa Ansari akamwonya amche Mwenyezi Mungu kwa mnyama aliyemmilikishwa, kwani anamweka na njaa na kumchosha. Watu wengi huitaja khabari hii kwa ajili ya njaa na uchovu, na ni haki yao. Lakini yapasa kutazamwa utaratibu wake pia. Kabla ya kuuliza, kabla ya kumhukumu bwana, kabla hata ya kutajwa majani, kilichotangulia ni kumtuliza mnyama. Njaa yake ilikuwa ya kweli, na utulivu umetangulizwa mbele yake.

Basi kwa dalili hizi yatambulikana ya kuwa khofu ni adha miongoni mwa adha, na adha isiyo na haja ni dhulma, na kuiondoa dhulma ambayo mtu mwenyewe ameisababisha hakuitwi hisani. Na nani aliyeisababisha khofu ya mnyama mgeni? Si yeye aliyejihamisha. Hakuomba kuja. Bwana ndiye aliyemtoa katika tundu alilolijua, akamkatia harufu na sauti alizozizoea, akamsafirisha katika giza la sanduku. Akimwachia muda wa kutulia, amelipa alichokiharibu. Na mwenye kulipa deni hatarajii kusifiwa kuwa ni karimu.

Wako watakaopinga kwa kusema: ikiwa khofu ni dhulma, basi kufunga kwenyewe ni dhulma, na kila mwenye tundu la ndege ana dhambi. Jawabu lake limekwisha kutolewa zamani. Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra (1026), naye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi'i, aliulizwa juu ya kuwafunga ndege katika matundu ili kusikiliza sauti zao. Akajibu kuwa yafaa, maadamu mwenyewe huwatazamia kwa kila wanachokihitaji, kwani wao ni kama mnyama afungwaye kwa kamba. Na dalili ya wanavyuoni katika hilo ni ndege mdogo wa Abu Umair, ndugu yake Anas bin Malik, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwona mtoto huyo akicheza naye wala hakumkataza, na ndege alipokufa alimliwaza. Lakini sharti la Qaffal lisipitwe upesi. Amesema kila wanachokihitaji, na kwa mnyama aliyeumbwa na khofu, mahali pa kujificha ni katika anachokihitaji. Ama kumkamata mnyama wa porini katika makazi yake kwa ajili ya mchezo tu, hilo ni jambo jingine, na aliyesoma khabari ya ndege na makinda yake hataliona jepesi.

Wako pia watakaocheka, waseme kuwa huyu ni panya tu, na panya ameamriwa auawe. Hao wamehukumu kwa sura. Wanavyuoni wa Shafi'i wenyewe wamemharimisha panya na wakamhalalisha yarbu, naye ni mnyama wa jangwani mwenye kufanana na panya, arukaye kwa miguu ya nyuma. Aliyeamriwa kuuawa ni yule aharibuye nyumba na ghala za watu, wala haikuwa hukumu yake kufungiwa katika tundu na kuteswa.

Upinzani wenye nguvu ni wa tatu: ya kwamba mayatima wako, na maskini wako, na kumshughulikia mnyama wa pumbao ni kupoteza fedha na wakati. Neno hili lina kweli ndani yake, na wale wanunuao matundu ya ghorofa nne na mapambo ya bei kubwa ilhali jirani yao analala na njaa, hesabu yao wataikuta. Walakini hoja hii ina mahali pake, napo ni kabla ya kumtwaa mnyama. Asiyemtwaa hana deni. Aliyekwisha kumtwaa hawezi kulikimbia deni alilojitwika mwenyewe kwa kumtaja yatima ambaye huenda hamlishi. Na kimya hakinunuliwi kwa fedha.

Watu wa pwani husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi humkisia mnyama mpya na mgeni wa namna hiyo, wakaona ya kuwa akipita siku mbili tatu bila kushikwa amekwisha pewa haki yake. Kisio hilo halikukaa sawa. Mgeni amekuja kwa miguu yake, anaijua njia ya kurudi, na ana ulimi wa kueleza anachokitaka. Mnyama huyu hana hata kimoja. Aliye karibu naye zaidi ni mateka, ambaye Kur'ani, katika Sura ya Insan, imewasifu wenye kumlisha pamoja na maskini na yatima, wasitake kwake malipo wala shukrani. Na hapo penye shukrani ndipo penye ugonjwa wa wafugaji wengi. Huhesabu majani waliyompa, wakangojea alipwe mapenzi.

Ama inavyopasa katika siku hizo za mwanzo, wafugaji wa njiwa wanaijua asili yake bila kufundishwa. Hakuna anayemnunua njiwa leo akamwachia kesho. Humfungia, akamlisha mahali pamoja, hata akajua ya kuwa hapa ndipo kwao. Kwa chinchila mambo ni hayo kwa hayo, pamoja na uangalifu zaidi.

Tundu litayarishwe kabla ya yeye kufika, lisije likapigwa nyundo ilhali yumo. Liwe refu kwenda juu, kwani yeye ni wa majabalini na hupenda kuruka. Liwe na rafu za mbao, na sakafu isiyo ya waya mtupu unaoumiza nyayo. Na ndani liwe na kibanda cha mbao ambamo ataingia asionekane na mtu. Kibanda hiki ndicho lango la utulivu. Mjinga hukiondoa ili mnyama aonekane, akadhani ya kuwa kumzoesha watu ni kumnyima maficho. Mambo ni kinyume: mwenye pa kukimbilia hutoka, na asiye na pa kukimbilia hukaa kwenye khofu daima. Tundu lisiwekwe penye jua, wala penye upepo wa mlango, wala karibu na redio na televisheni. Na paka wa nyumba asilikaribie. Hewa iwe baridi kiasi, kama digrii 15 mpaka 21, kwani yeye hatoi jasho, na ikipita digrii 25 yumo hatarini.

Chakula chake kiwe kilekile alichokuwa akila kwa bwana wa kwanza, hata kama kuna kilicho bora kuliko hicho. Kubadili ni baada ya kutulia, na ni kwa kuchanganya kidogo kidogo. Majani makavu yasikosekane mbele yake usiku na mchana, kwa ajili ya tumbo lake, na kwa ajili ya meno yake yasiyokoma kukua. Zabibu kavu na matunda ambayo watoto hupenda kumrushia humdhuru kwa utamu wake. Wala asioshwe kwa maji, kwani manyoya yake mazito hayakauki upesi na humletea maradhi. Yeye huoga vumbi laini la mawe ya volkeno, akajigaragaza ndani yake, na kumwekea bakuli la vumbi hilo kwa muda mfupi, mara chache kwa juma, ni katika raha zake kubwa.

Kisha aachwe. Siku za kwanza bwana aingie kwa chakula na maji, aseme maneno machache kwa sauti ya chini, atoke. Asiusafishe uchafu wote kwa mara moja, kwani katika nyumba ngeni harufu yake mwenyewe ndiyo kitu pekee anachokijua. Wakati wake ni usiku: huamka baada ya magharibi, na huchangamka tena kabla ya alfajiri. Mwenye kusoma uradi wake baada ya isha, au mwenye kuamka kwa tahajudi, ana saa njema ya kumzoesha sauti yake bila ya kazi yoyote. Akae tu kando ya tundu, asome, asimtazame sana, kwani kukaziwa macho ni dalili ya mwindaji. Lakini mswala wake uwe mbali, kwa kuwa vinyesi vya wanyama katika madhehebu ya Shafi'i ni najisi, na chinchila hutawanya vyake usiku kucha.

Zikipita siku, aweke mkono wake ndani ya tundu ukiwa wazi, chini, umetulia, asimfuate nao. Mnyama atausogelea, atanusa, atakimbia. Atarudi kesho. Huenda akautafuna ukucha kidogo, kwani hivyo ndivyo anavyouliza. Muda huu kwa wengine ni juma moja, kwa wengine ni miezi, na khasa kwa wale waliotupwa na mabwana zao wakapokewa na jumuiya za kuhurumia wanyama, ambao wamekwisha badilishiwa nyumba mara mbili tatu na hawaamini tena mkono wa mtu. Kwa hao subira ni ndefu, na wengine hawataki kupakatwa mpaka kufa kwao. Hilo si kosa lao. Hakuna aya wala khabari iliyomlazimisha mnyama ampende bwana wake. Na mtoto aliyemwomba baba yake mnyama afundishwe hili kabla ya mengine yote: akae chini, anyooshe mkono, angoje. Mtoto wa miaka saba huamriwa sala. Hashindwi na kungoja.

Akiwa yuko mwingine wa kabla, wasitiwe pamoja siku ya kwanza. Hupigana, na mara nyingine huuana. Huwekwa matundu mawili jirani, kwa majuma, wakajuana kwa harufu, ndipo wakakutanishwa mbele ya macho ya mtu. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra (1262), alipozihesabu haki za wanyama juu ya wanadamu, alitaja ya kuwa mtu asimkusanye mnyama pamoja na chenye kumdhuru, kiwe cha jinsi yake au cha jinsi nyingine; na alitaja kuyafanya mazuri mahali pao pa kulala; na alitaja ya kuwa huyatoa matumizi yao hata wakizeeka au wakiugua hata hawana manufaa tena.

Ama kumleta chinchila Mombasa, Lamu au Unguja, ambako joto la kaskazi hupita digrii 30 na hewa imejaa maji, hakufai. Mwenye mashine ya kupoza hewa atasema anayo. Aulizwe umeme ukikatika adhuhuri atafanyaje.

Na aliyemtwaa kisha akashindwa, sharia haikumfungia njia, wala haikumwachia kila njia. Hawezi kumwachilia nje aende zake, kwani mnyama aliyezaliwa katika tundu, kizazi baada ya kizazi, hana kwao tena, na kumwachilia katika bustani ya London ni kumuua. Mwanamke aliyetajwa katika khabari ya Bukhari na Muslim kuwa aliadhibiwa kwa ajili ya paka, kosa lake lilikuwa hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na huyu akiachwa hawezi kujitafutia. Basi amuuze au ampe mwenye uwezo, na asimfiche ila yake: aseme kama anauma, kama ameugua, kama amekwisha hamishwa mara ngapi, kwani kuficha ila katika biashara ni haramu. Na siku ya kumtoa ampe yule bwana mpya majani yaleyale ya kutosha majuma mawili, na kibanda kilekile cha mbao, na konzi ya matandiko ya zamani yasiyosafishwa, aiweke katika tundu jipya kabla ya kufungua sanduku.